Mtani Aliyejificha Nyuma ya Fomu

Msimamizi wangu chuoni aliposikia kwamba nataka kukusanya taarifa kwa kutembea, aliniuliza kama ni daktari ndiye aliyenishauri. Nilicheka kwa adabu, kama mwanafunzi wa miaka arobaini na tatu anavyopaswa kucheka mbele ya msimamizi anayemzidi umri, kisha nikamweleza. Mtu ukimkalisha kitini ukamwekea kinasa sauti mezani, anajibu kama yuko mahakamani. Lakini mkitembea pamoja njia anayoipita kila siku, hamtazamani usoni, maneno yanatoka yenyewe. Yeye anachagua njia, wewe unafuata. Msimamizi akasema sawa, ila kwenye sura ya tatu nieleze vizuri kwa nini nisingeweza kuuliza maswali hayohayo nikiwa nimekaa.

Sura hiyo niliiandika kwa mbwembwe. Niliandika kwamba mtafiti mwenye kutembea hasemi habari zake, hasaidii, haongozi njia, hachukui upande wowote. Mimi ni mtumishi wa ofisi moja hapo Kibaha, nimekalia kiti kimoja miaka kumi na tano nikipitisha mafaili ya watu bila kuwaangalia, kwa hiyo nilijiona nina kipaji cha kuzaliwa. Nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikapanga chumba katika gesti moja Mlandizi, nikachapisha fomu za ridhaa za kutosha kufungia maandazi ya mji mzima, nikanunua raba za mtumba. Mada yangu ilikuwa jinsi wanawake wa vijijini wanavyotembea kwenda na kurudi sokoni.

Wiki ya pili vurugu zikazuka. Sitaeleza zilianzaje, maana kila mtu ana habari yake na hakuna anayetaka kusahihishwa. Pale Mlandizi tuliona matokeo tu. Magari yakakatika barabara kuu, mtandao ukazimwa, maduka yakafungwa, na upepo ukawa unaleta harufu ya matairi yaliyochomwa. Watu wote wakashuka kwenye pikipiki na mabasi, wakaanza kutembea. Nakiri kwa aibu kwamba jambo la kwanza nililowaza ni kuwa Mungu naye ameisoma sura yangu ya tatu na kuipenda.

Furaha hiyo haikumaliza asubuhi. Mwanamke asiyejulikana, ana daftari na kinasa sauti, anafuata watu nyuma bila kuwa na anakokwenda, katika siku kama zile watu wanajua ana kazi gani, na siyo utafiti. Nikisalimia, wanaitikia wakiwa wanavuka barabara. Siku ya tatu dereva mmoja wa bodaboda, pikipiki yake imekauka mafuta, aliniita kwa upole akaniambia, "Sista, sisi hatuna shida na wewe. Ila jana umemfuata yule mzee mpaka kwenye choo chake. Hiyo siyo poa." Nikamwambia nilidhani anakwenda shambani. Akaniambia hata yeye mzee alitamani ningekuwa nimepotea.

Aliyenibakia ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo karibu na gesti, Mzaramo wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko yeye. Alikuwa ametia saini fomu yangu kabla ya vurugu, bila kuisoma, akisema karatasi nyeupe namna ile haiwezi kuwa na ubaya mwingi. Siku ya nne, adhana ya alfajiri ndiyo kwanza imekwisha, alikuja kugonga mlango wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulisema unataka kutembea na mimi. Haya, nyanyuka, leo natembea."

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi Kurui, amefariki jana jioni. Simu iliingia mara moja, ikasema hivyo na saa ya maziko, ikakatika. Maziko ni leo baada ya swala ya alasiri. Gari hakuna, pikipiki hakuna, na Kurui kwa miguu ni mwendo wa kutwa. Nilimpa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, lakini mkono wangu mwingine ulikuwa tayari unatafuta betri za kinasa sauti. Ndivyo nilivyokuwa.

Kabla ya kushika njia alisema lazima apite mahali. Tukaenda nyuma ya soko, kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Kinyamwezi ambaye alikuwa mtani wa ukoo wao tangu enzi za baba zao. Mlango una kufuli. Jirani akatuambia mzee alikwenda Dar kwa mwanawe kabla fujo hazijaanza na hajarudi. Tukagonga kwa Mnyamwezi mwingine, fundi cherehani. Huyo alijibu akiwa ndani, dirisha limefungwa, kwamba anatoa pole sana lakini yeye leo hatoki hata kwa kubebwa. Mama akakaa kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka.

"Dada ameacha neno," akasema. "Amesema, msinizike kimya. Asipokuwepo mtani wa kunizuia mlangoni, msinitoe. Sasa nitafika huko na nini?"

Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini msimamizi wangu alihitaji, kwa hiyo naeleza. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wanatukanana bila kugombana, na msibani mtani ana kazi maalumu: anamwigiza marehemu, anamsema vituko vyake, analizuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Wafiwa wanacheka katikati ya kulia, na huko kucheka kunawasaidia kusimama. Wazee wanasema utani huo ulianza zamani, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kutoka bara kwenda pwani, wakipita Uzaramo kwa miguu, siku nyingine kwa ugomvi, siku nyingine kwa wali.

Sasa jambo ambalo mama hakulijua, na ambalo mimi nililijua vizuri sana nikiwa nimesimama mbele yake na daftari langu, ni kwamba mimi ni Mnyamwezi. Baba na mama wote wa Tabora. Siku ile ya kutia saini aliniuliza, "Mwenzetu kabila gani?" nami nikamjibu, "Mtanzania." Akasema hilo kabila hajawahi kulizika. Nilicheka, nikahamia swali la pili. Kitabu cha mbinu za utafiti kilikuwa kimesema mtafiti asilete habari zake uwanjani.

Ningeweza kusema pale kwenye kizingiti. Neno moja tu. Badala yake nilisema, "Twende mama, jua linapanda," na nikaandika saa kwenye daftari.

Tulishika njia ya kusini. Tukavuka reli ya zamani, tukapita chini ya reli mpya, tukaingia kwenye mashamba ya mihogo na minanasi. Njia nzima watu wa pande zote walikuwa wanatembea, wengine wana magodoro kichwani, wengine wana watoto. Mama alikuwa na mwendo wa kasi ambao sura ya tatu haikuutarajia. Kila mwendo kidogo alirudia yaleyale: mtani atatoka wapi, wamtoe dada kimya, yeye dada alikuwa na mdomo, hawezi kulala akizikwa kimya. Mimi nafuata nyuma hatua moja, nanasa sauti.

Kwenye njia panda moja kulikuwa na kizuizi, gogo limelazwa barabarani na askari wawili chini ya turubai. Yule mkubwa akafungua mkoba wangu, akatoa fomu, akazisoma moja baada ya nyingine kana kwamba mwisho wake unabadilika.

"Wewe nani?"

"Mtafiti, afande."

"Unatafiti nini?"

"Kutembea."

Akamtazama mwenzake. Akarudi kwenye fomu. "Hapa pameandikwa washiriki hawatatambulika. Kwa nini hawataki kutambulika?"

Nilianza kueleza maadili ya utafiti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu wa kuwekwa ndani. Mama akaingilia. Akasema afande, huyu ni mwanangu, tunawahi maziko ya dada yangu Kurui, na kama unatuchelewesha basi njoo utuchimbie kaburi. Askari akaomba kitambulisho changu. Akasoma jina langu la ukoo kwa sauti, silabi zote.

"Mama, huyu mwanao vipi? Hili jina la Kinyamwezi kabisa."

Mama akageuka akaniangalia. Aliniangalia kwa muda ambao mpaka leo nikiukumbuka naona joto masikioni. Kisha akamgeukia askari, sauti yake imetulia.

"Ni mtani wangu. Nampeleka akafanye kazi yake."

Yule askari akacheka, na ilikuwa wazi siku nyingi hajacheka. Akanirudishia fomu zangu. Akasema watani wanaruhusiwa kupita, ila kinasa sauti nikitie ndani kabisa ya mzigo, maana mbele kuna wenzake wasio na masihara.

Tulitembea mpaka gogo likapotea nyuma yetu. Hapo ndipo akasimama.

"Toka alfajiri nalia mtani, mtani. Na mtani nimemfunga kiunoni."

Nikamwambia kuhusu sura ya tatu. Nikamwambia utaratibu, uwanja, kutochukua upande. Kwa Kiswahili, katikati ya mihogo, mbele ya mtu aliyefiwa, maneno hayo yalikuwa ya kijinga kuliko nilivyowahi kuyasikia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo karatasi ndiyo iliyokukataza?"

"Ndiyo mama."

"Mwongo."

Alikuwa sahihi. Karatasi nilijificha nyuma yake tu. Nikamwambia basi habari yenyewe, na sikuwahi kumwambia mtu mwingine kwa ukamilifu. Baba yangu alifariki tukiwa Kibaha, miaka minane iliyopita. Jirani yetu, mzee wa Kizaramo aliyecheza naye bao kila Jumapili baada ya ibada, alikuja msibani amevaa koti la baba alilolitoa sijui wapi. Akawa anatembea kama baba, ule mguu wake mbovu, anauliza nani amemaliza sukari. Akajilaza mlangoni, akasema huyu hatoki. Wakuu wangu wa ofisini walikuwa wamekaa viti vya mbele, mchungaji ameshika kitabu, na mimi ndiye niliyeandaa ratiba. Niliona aibu. Nikawaita vijana wawili, wakamnyanyua yule mzee wakamtoa nje. Hakubisha. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaondoka. Maziko yakaenda kwa ratiba, dakika kwa dakika, hakuna aliyecheka, na watu wote wakanisifu kwa mpangilio.

Mama akashika tena njia.

"Basi baba yako mlimzika kama mgeni."

Nililia. Sikulia kwa mtindo wa kutafuta tishu. Nililia kwa sauti, kamasi na vyote, huku natembea, kwa sababu yeye hakusimama kunisubiri. Msimamizi wangu ameandika pembeni ya ukurasa huu kwa wino mwekundu: "Hapa mtafiti amepoteza kiasi." Nakubaliana naye.

Nilipomaliza kulia, mama akaniambia nikitoe hicho kiredio changu nikiwashe, maana kuna kazi na mimi kwa uso wangu tu naonekana sijui kutania. Nikamwambia kweli sijui, nimezaliwa Kibaha, Kinyamwezi chenyewe najua kusalimia na kuomba chumvi. Akasema haidhuru, kosa siyo langu, ni la walionilea, halafu akakumbuka kwamba mlezi wangu mmoja tumetoka kumlilia na akaomba radhi kwa baba.

Kisha akanitupia mzigo wake. "Shika, beba. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora, wewe unashindwa khanga tatu na kilo ya sukari?"

Mtafiti hasaidii. Niliubeba kichwani mpaka Kurui.

Na njia yote iliyobaki akanipa dada yake. Hakuwa na haja ya kuulizwa swali. Dada alikuwa akitia maji kwenye tui wageni wakija, kisha anawasifia nazi za shambani kwake kwamba ni nyepesi hazimchoshi mtu tumbo. Dada aliolewa mara tatu na kila mume alimwambia ndiye wa kwanza. Dada alipunguza umri wake kidogo kidogo mpaka mdogo wake akawa mkubwa wake, ndiyo maana mama mwenyewe siku hizi hajui ana miaka mingapi. Dada alikuwa na jogoo mwenye kilema cha jicho, akimwamkia kila asubuhi, wakati majirani hakuwaamkia. Mwezi wa Ramadhani mchana alikuwa akienda kisimani mara nyingi mno kwa mtu ambaye ndoo yake inarudi haina maji. Mama alikuwa anasimulia anacheka, anajishika mbavu, halafu ghafla machozi, halafu tena kicheko, na miguu haikupunguza mwendo. Kwenye kinasa sauti, sehemu hiyo, unasikia raba zangu na malapa yake, na huwezi kujua nani analia na nani anacheka.

Tuliisikia adhana ya alasiri tukiwa bado tuna kilima kimoja. Mama akaanza kukimbia, kweli kukimbia, khanga imekunjwa mkononi. Mimi nyuma na mzigo kichwani. Tulipoingia uani swala ilikuwa imeshaswaliwa, wanaume wameshalinyanyua jeneza, wamelielekeza njiani. Wakamwona mama wakasimama. Mpwa wake mmoja akamwambia tulisubiri mama mdogo, tukasema haiwezekani mtu kufika, mtani naye hayupo, tufanyeje.

"Mtani huyu hapa," mama akasema, akanisukuma mbele.

Nilisimama njiani mbele ya jeneza, khanga ya mtu mwingine kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, na watu wote wa kijiji wananitazama. Kichwa kikawa kitupu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni yale maneno ya juu ya fomu ambayo nilikuwa nimeyasema kila siku kwa wiki mbili.

"Samahani, naomba dakika zenu chache."

Ustadhi mwenye kuongoza maziko akatazama saa yake. Upande wa wanawake mtu akakohoa. Nikaona kwamba ninaharibu tena, kwamba nitamzika na huyu kama mgeni, na nadhani hofu hiyo ndiyo iliyonikalisha chini. Nilikaa katikati ya njia, kwenye vumbi, nikanyoosha miguu.

"Huyu hatoki," nikasema. "Nimetembea kutoka Mlandizi na hakuna aliyenipa maji. Au maji yote mliyatia kwenye tui lake?"

Mwanamke mmoja akacheka, kicheko cha kushtukiza, kama kimemtoroka. Mwingine akamfuata. Nikawauliza waume zake watatu wako wapi, yule wa kwanza, na yule wa kwanza, na yule wa kwanza. Nikasema nimekuja kumzika binti wa miaka thelathini, maana ndiyo hesabu aliyoniachia. Nikauliza njia ya kisimani ni ipi, nina kiu ya Ramadhani. Kufikia hapo wale wanaume walilishusha jeneza begani wakaliweka chini ili wacheke vizuri, na mpwa yule alikuwa anacheka mikono iko usoni, mabega yanatikisika, na ikawa wazi kwamba ndipo anapolia mara ya kwanza. Hata ustadhi aligeuka upande akapangusa miwani yake muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Wakaniuliza nataka nini niwaachie njia. Nikasema nataka jogoo. Wakaniletea jogoo mwenye jicho moja, akiwa na hasira zake, nikampakata, nikasimama pembeni. Jeneza likapita. Mama wa mihogo alisimama mlangoni, akaliaga kwa mkono ulio wazi, na akamwambia dada yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sasa akalale.

Baadaye, wanaume wamesharudi kutoka makaburini, walinikalisha kwenye mkeka, miguu yangu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Ilinibidi nilale huko siku mbili, maana njia haikuwa ya kurudi. Mama akaja akakaa karibu yangu na sahani ya wali. Akala kidogo, akanitazama.

"Na wewe ukifa," akasema, "nani atakucheka?"

Nikafikiri. Nikawafikiria wenzangu wa ofisini na viti vyao vya mbele. Nikamfikiria yule jirani, ambaye ameshatangulia na yeye, na sikwenda msibani kwake kwa aibu. Nikamwambia ukweli, kwamba sioni mtu.

Akatafuna tonge lake mpaka likaisha. Kisha akawaita wajukuu wa marehemu, wasichana wanne wakubwa waliokuwa wanaosha vyombo, wakaja wakapanga mstari na mikono yao yenye povu.

"Mtazameni vizuri huyu," akawaambia. "Siku akifa, mmoja wenu aende Kibaha akamzuie mlangoni. Mimi sitakuwepo."

Wakanitazama, kuanzia kichwani mpaka kwenye beseni, wanatafuta vya kusema. Havikuwa vigumu kuvipata. Yule mkubwa wao akaniuliza Kibaha ninakaa sehemu gani. Nikamwelekeza nyumba yangu polepole, kona kwa kona, kisima cha mwisho cha kunywa maji kiko wapi na mti gani una kivuli, kwa sababu inaweza ikawa siku ambayo hakuna gari.